Shikamoo niliyoitoa leo kwenye foleni ya usaili

Jamani, leo nimekutana na mwalimu wangu wa sheria kwenye usaili.

Hakuja kutusaili. Naye amekuja kusailiwa, kwa nafasi ileile ninayoitafuta mimi!

Nimetoka Nzuguni alfajiri na suti ya shemeji. Nafasi ya ofisa sheria ni moja tu, na foleni imezunguka jengo. Nikamwona mbele yangu, nikaropoka kwa furaha: "Shikamoo, mwalimu!"

Watu wote wakageuka.

Akaninong'oneza: "Punguza sauti, bwana. Hapa sote ni waombaji."

Huyu ndiye aliyenizuia nisihamie ualimu mwaka wa kwanza chuoni. Alisema mbele ya darasa zima: "Ukimaliza sheria, kazi zitakutafuta zenyewe." Na tulimpigia makofi! Kumbe mwenyewe alikuwa anafundisha kwa mkataba wa muda, na umeisha.

Nikataka kusali niipate. Nikaona aibu, maana na yeye midomo ilikuwa inacheza kwa sala.

Wakaita jina langu. Akaniwekea tai sawa, kama alivyokuwa akifanya siku za mazoezi ya kutetea kesi. Halafu akanishika mkono:

"Ukipata wewe, usinisahau."

Mle ndani sikumbuki nimejibu nini.

Nyie mngemwambiaje?