Kahawa Niliyotafuna Kimwani

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mwalimu wa michezo Bukoba. Mkuu wa kamati yetu alinituma Kimwani nikawaambie wanakijiji, kwa adabu, kwamba mashindano ya kimataifa ya mpira wa mikono waliyoyaomba hayawezi kuchezwa kwao. Uwanja wao ulikuwa mteremkoni. Mpira ukianguka unakwenda wenyewe hadi migombani.

Kabla sijasema neno, mwenyekiti wa kijiji alipasua tunda moja la kahawa, akatia punje moja mdomoni mwake, ya pili akanipa. Kwa mazoea nikatafuna. Mimi, Mhaya mzima! Kwetu, wanaogawana punje za tunda moja wamekula kiapo cha undugu, na ndugu hanyimwi kitu.

"Sasa, ndugu yangu," akasema, "ulikuja kuniambia nini?"

Mlango ulikuwa wazi, lakini sikuwa na pa kutokea. Niliyalaani meno yangu, nikaandika: Uwanja unafaa.

Mkuu wa kamati aliisoma taarifa, akafura.

"Alikupa kahawa?"

"Alinipa, mzee."

Akaitia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

"Mpumbavu wewe! Umeitafuna kama mimi! Unadhani kwa nini sikwenda mwenyewe?"