Nionyesheni Mama Yake

Saa nne asubuhi, manyunyu yanawalowesha wanaume waliosongamana nyuma ya fahali mmoja. Wote wanatazama makalio. Fahali huyo, Sultán, ameshinda medali kwenye maonyesho, na mapaja yake yamefura kama magunia yaliyoshindiliwa. Mmoja anampiga kofi la paja, mwingine anapiga mluzi.

Etelvina Riestra, mfugaji wa miaka 58, hayuko nyuma. Amesimama mbele na buti zake za tope, anakagua mabega, kisha anamuuliza mwenye fahali swali analouliza kila mwaka.

"Mama yake yuko wapi? Alimzaa mwenyewe, au alipasuliwa?"

Mwenye fahali anageuka kuwasha sigara.

"Shemeji, tumekuja kununua dume, hatukuja kuposa!" anadakia Herminio, mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji na mume wa dada yake. Watu wanaangua kicheko.

"Wewe hata ulipoposa ulitazama makalio tu," Etelvina anamjibu. "Dada yangu kaniambia."

Kijijini Valdeucedo, katika milima ya Asturias, ng'ombe wote hupanda malishoni majira ya joto pamoja na fahali mmoja wa ushirika. Atakayechaguliwa leo ndiye baba wa kila ndama wa mwakani. Mchinjaji huongeza kama euro mia mbili kwa ndama mwenye mapaja manene. Maumivu ya ng'ombe aliyemzaa hayamo kwenye bei, na hilo ndilo linalomchoma Etelvina.

Machi iliyopita alimpoteza Galana, mtamba aliyekuwa akizaa kwa mara ya kwanza. Baba wa ndama alikuwa na medali pia. Kichwa na miguu ya mbele vilitoka, nyonga zikakwama. Walivuta kamba mpaka mikono ikachubuka. Ndama alikufa, na Galana hakuinuka tena.

"Alikuwa ananitazama tu," anasema. "Nilimlea kwa chupa, halafu mimi mwenyewe nikamwoza kwa muuaji."

Jaji aliyetoa medali hakuwepo. Majaji hawapo kamwe siku ya ng'ombe kuzaa.

"Aje basi! Avue shati lake jeupe, aingize mkono mpaka begani, ndipo aniambie fahali mzuri ni yupi."

Etelvina humtaka fahali wa mabega membamba na mifupa myepesi, aliyezaliwa mdogo bila kuvutwa, kutoka kwa mama mpana wa nyonga. Kunenepa, anasema, ndama atanenepa akishakuwa hai.

Nieves, daktari wa mifugo wa eneo hilo, hachekeshwi tena na mambo haya. "Wananilipa nipasue, mwakani wananunua fahali wa aina ileile. Ningekuwa na roho mbaya ningewanunulia pombe ya tufaha kwa kuniletea kazi."

Mikono inanyanyuliwa kumchagua Sultán. Wa Etelvina umebaki mfukoni.

"Basi mitamba yangu hawapandi mlimani," anasema.

Wanaume wanageuka kumtazama. Wote wanajua maana yake: mlimani nyasi ni za bure, na yeye sasa atakata majani kwa mikono yake majira yote ya joto.

"Utawapandisha kwa nani?" anauliza Herminio. "Kwa hako kambuzi kako?"

Kambuzi ndilo jina walilompa fahali mdogo aliyemnunua bondeni mwezi uliopita.

"Ndiyo, shemeji. Kambuzi kangu, mama yake alikazaa peke yake, mwenye mali yuko mezani anakula maharage."

Anaondoka akinyeshewa. Njiani anaulizwa anataka nini hasa Machi ijayo. Anafuta uso kwa kiganja.

"Nataka nifike zizini nimechelewa. Nikute ndama kashasimama, kakauka, ananyonya. Na mama yake anigeukie kama anayeuliza: wewe naye, ulikuwa wapi?"