Fundi Aliyesikiliza Diski

Fundi wa kompyuta aliyepanda Machame kutoka mjini Moshi hakugusa kitu kabla ya kufuta mikono kwenye suruali, kila kiganja peke yake. Kisha alitega sikio juu ya mashine aliyoifunga mwenyewe mwaka jana, iliyotunza sauti ya marehemu baba mkwe wa Aikande, akasema polepole, kama aliye kando ya mgonjwa, "Samahani, diski hii inakwaruza. Hii nyingine bado inapumua." Kila neno alilitanguliza na "samahani", hata aliposogeza kiti.

Aikande alisimama mlangoni na birika la chai. Fundi alifungua orodha ya matukio ya mashine, akaifuata kwa ukucha wa kidole kidogo: kila jioni, saa moja kasoro dakika tano, ilizimika ghafla. Ukucha ukasimama. Akaitazama soketi ya pekee ya sebuleni, akaitazama redio kabatini. Hiyo ndiyo saa ya matangazo ya vifo, na Aikande hakuwahi kuyakosa. Kila siku alikuwa akichomoa mashine na kuchomeka redio, kisha akirudisha yote kabla mumewe Hosea hajarudi. Sasa Aikande akaelewa kilichoiua diski.

"Kwa hiyo shida ni nini?" Hosea aliuliza, akiingia kutoka nje.

"Samahani, mzee. Nilipoifunga mwaka jana nilikosea waya. Baadhi ya sauti hazitarudi."

"Nilijua. Nyie wa mjini mnakuja kujifunzia kwetu. Sauti ya baba yangu hiyo, bwana."

Fundi akainamisha kichwa, akafuta mikono. Aikande alifungua mdomo aseme ukweli, akajisikia akimuuliza fundi, "Nikuongezee sukari?"