Msumari wa Mkoba

Mke wangu alipokwenda Maskati kufanya kazi, aliniachia orodha ndefu ya mambo ya kukumbuka, na moja tu ndilo nililodhani nalijua kuliko yeye: mkoba wa shule. Mimi ni fundi cherehani. Nimetia zipu na kushona mikanda ya mikoba ya nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Barani. Binti yetu alipoingia darasa la kwanza, mwezi mmoja baada ya mamake kuondoka, nilimshika mkono tukaenda sokoni, nami nimejaa kiburi.

Muuza mikoba alimpima mtoto kwa macho.

"Mchukulie huu mdogo, bwana. Una sponji mabegani na wamkaa mgongoni sawasawa. Huo mkubwa utampiga makalioni."

"Nataka wa kukulia."

"Mkoba si kanzu. Akikua atanunuliwa mwingine."

Nilimwona mjuaji. Nikachukua ule mkubwa, nikaupunguza mikanda kwa cherehani hadi ukapanda juu ya kiuno. Nikamfunza mtoto avae mikanda yote miwili, si mmoja begani kama vijana wa sekondari. Vitabu vizito nikavipanga upande wa mgongo. Juu kabisa nikaweka juzuu yake ya Kurani, kwa kuwa akitoka shule huunganisha chuoni kwa maalim bila kupita nyumbani.

"Humu mna maneno ya Mungu," nikamuonya. "Mkoba huu hauwekwi chini. Umesikia?"

"Naam, baba."

Baada ya hapo sikuufikiria tena. Nyumba ilikuwa kimya mno siku zile, nami nilishona kutwa nzima, uso ukutani, mlango nimeupa mgongo. Mtoto akirudi hunisalimu, "Shikamoo, baba," nami huitika marahaba bila kugeuka, nikamwambia atundike mkoba msumarini. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa mpweke, na upweke wangu mimi hujifanya kazi nyingi. Tulikula sahani mbili, tukaosha sahani mbili, na maneno tuliyosemezana hayakujaa kikombe.

Ijumaa moja mke wangu akapiga simu ya video. Akamwambia mtoto, "Hebu simama, mama, nikuone." Akamtazama kitambo, kisha akaniita mimi.

"Bega la kushoto la mwanangu limeshuka."

"Ni hiyo simu yako."

"Simu haipindi bega la mtu. Wewe walala naye nyumba moja. Mimi wa Maskati ndiye wa kumwona?"

Niliwaka, nikamrudishia mtoto simu.

Jumatatu niliacha nguo za watu, nikaenda shuleni saa ya mapumziko. Watoto walikuwa wakikimbizana uwanjani. Wangu alisimama peke yake kando ya ukuta, mkoba mgongoni, ameuegemeza ukutani ili umpunguzie uzito. Mwalimu wake, kijana wa bara, alinijia kwa wasiwasi.

"Mzee, nimemwambia mara nyingi aweke chini, analia. Hata darasani anakaa nao mgongoni. Nikadhani ni mambo ya dini yenu, nikamwacha."

Nikachuchumaa mbele ya mwanangu.

"Kwa nini huutui?"

"Umesema hauwekwi chini."

"Na nyumbani je? Si kuna msumari?"

"Siufikii, baba. Nakungoja ugeuke."

Msumari ule niliupigilia mimi mwenyewe, kwa kimo cha mamake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpokea mtoto kimkoba chake cha chekechea mlangoni, kama tunavyompokea kila anayeingia na mzigo, hata jirani mwenye kikapu cha samaki. Mgeni nisiyemjua ningemwinukia. Mwanangu nilimwacha amesimama nyuma yangu kila jioni, na sijui alikuwa akisimama muda gani. Nilimvua mkoba pale pale uwanjani. Mikanda ilikuwa imemchora mabegani, na mimi nililia mbele ya watoto wa watu.

Siku hiyo hiyo nilirudi sokoni nikanunua ule mdogo. Muuzaji hakunicheka, na nilitamani anicheke. Juzuu nikamwomba maalim wake aihifadhi kwenye rafu ya chuo. Nikang'oa msumari, nikaupigilia upya usawa wa kifua cha mtoto. Mwisho nikaivuta cherehani, nikaigeuza ielekee mlango.

Kesho yake jioni nilimwona akija tangu mbali, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Aliingia, akanisalimu, nikamwitikia. Kisha akasimama pale pale, mkoba mgongoni, na msumari mpya uko mbele yake.

"Mbona hutundiki?"

Akaitazama cherehani, halafu akanitazama mimi.

"Nilidhani hujamaliza kushona."

Nikainuka nikampokea.