Shikamoo Iishie Getini

Niseme mapema: mimi sikwenda chuoni kupewa kiti. Viti nilikuwa navyo nyumbani kwangu Ihumwa. Nilikwenda kwa sababu shirika nililolipigia taipu tangu usichana wangu lilikuwa linauzwa, na wenye mali wapya walisema asiye na stashahada atafute pa kwenda. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinangoja mnunuzi. Shemeji yangu akanicheka, "Uzee huu ndio wa kushika kalamu?" Nikaomba nafasi chuoni wiki hiyohiyo.

Darasani nilikuwa na umri wa kuwa mama wa wanafunzi wenzangu. Walitoka Bukoba, Songea, Tanga, na walikuwa wamelelewa vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Nikitokea mlangoni, shikamoo zinamiminika na kiti cha mbele kinafutwa vumbi. Mhadhiri wa takwimu, naye kijana tu, aliniamkia kabla ya kushika chaki. Lakini akianza kuuliza maswali, kidole chake kilikuwa kikifika kwangu kinaruka, kinatua kwa jirani. Hakutaka kumwaibisha mtu mzima mbele ya watoto.

Kwenye kundi la majadiliano mambo yalikuwa yaleyale. Kiongozi wetu, kijana mrefu wa Bukoba aliyezipenda hesabu kuliko chakula, aligawa kazi: hawa wakakusanye bei za ng'ombe katika mnada wa Chemba, wale waende mnada mdogo wa kijiji cha jirani, yule achore grafu. Na mimi?

"Mama, wewe tutakuchosha bure. Tuletee tu zile karanga zako."

Nikaleta karanga. Wakazitafuna huku wakipiga msuli, yaani wakisoma kwa bidii, na jina langu wakaliandika la kwanza kwenye kazi nisiyoigusa. Nikitoa hoja, walinijibu, "Uko sahihi, mama," hata pale nilipoona macho yao yanakataa.

Kisha yakaja majibu ya jaribio la kwanza la takwimu. Nilifeli. Nikifeli na mtihani wa mwisho, nadisko, ndivyo vijana walivyoita kufukuzwa chuo, na kazini nako sina pa kurudi. Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi. Akanivutia kiti, akaniamkia, akasema kwa upole, "Mama, tunakuheshimu sana. Ukiona mzigo mzito, hata cheti cha miezi michache kinatosha kwa umri wako."

Nilitoka pale ninawaka. Kinatosha kwa nani? Nilitembea kwenye vumbi la kipupwe hadi kituoni nikisema peke yangu, na waliopita waseme watakavyo. Watu wale hawakunichukia hata mmoja. Walikuwa wananisindikiza nje ya chuo kwa adabu zote, na kila shikamoo ilikuwa hatua moja kuelekea getini.

Siku ya kuwasilisha kazi, kijana wa Bukoba akainuka na karatasi zake. Nikainuka na mimi.

"Mama, wewe kaa tu," mhadhiri akasema. "Vijana watawasilisha."

"Sikai. Jina langu lifutwe kwenye kazi hiyo, au nipewe chaki."

"Wamekuweka kwa heshima, mama."

"Heshima hiyo itanidisko, mwalimu. Heshima si utumwa, na mimi sikuja hapa kuwa mama wa darasa. Niulize swali kama unavyowauliza hawa."

Mhadhiri akatazama dirishani, akatazama viatu vyake, kisha akanipa chaki. Akataka nitafute wastani wa bei ya ng'ombe kwa minada yote miwili. Nikaandika wastani wa Chemba, nikaandika wa kijijini, nikajumlisha, nikagawa kwa mbili. Nikageuka. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama kwenye madawati.

"Nimekosea wapi?"

Nikamkazia macho kijana wa Bukoba. "Wewe. Karanga zangu umekula. Sema."

"Samahani, mama..."

"Usiniombe samahani. Sema!"

Akainua kichwa. "Umekosea. Chemba waliuzwa ng'ombe wengi, kule kijijini wachache. Huwezi kugawa kwa mbili kana kwamba minada inalingana."

Umekosea. Tangu nifike chuoni hakuna aliyewahi kunipa neno hilo. Lilinichoma, sitasema uongo, masikio yaliniwaka moto. Na papo hapo nilifurahi hadi nikacheka peke yangu ubaoni. Nikafuta, nikarudia, nikakosea tena, na safari hii watatu walinirukia kwa pamoja. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini lazima awepo wa kukwambia kwamba umepotea.

Nikawapa sharti langu: shikamoo iishie getini. Ndani ya darasa nibishiwe. Tangu siku hiyo tulibishana hadi wapita njia wakadhani tunagombana, na karanga tulileta kwa zamu.

Asubuhi ya mtihani wa mwisho kijana wa Bukoba alinikuta getini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Tukavuka geti. Akaikunjua karatasi yangu ya mazoezi ya jana, akakunja uso.

"Swali la nne umekosea tena," akasema. Tukakaa chini kwenye ngazi, nikalirudia swali la nne hadi likakubali, kisha nikaingia kufanya mtihani niliofaulu.