Siku Mama Mdogo Aliponibwaga Korongoni

Wiki iliyopita, mjini Kondoa, upepo ulinyanyua bati la kibanda cha chipsi, nami nikajikuta nimelala kifudifudi kando ya barabara kabla sijafikiri lolote. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nasikia tena harufu ya mchanga mkavu.

Nilikuwa mdogo, naishi kijijini kwa mama mdogo Zaina. Mchana ule tulikuwa uani tunapepeta mtama, kuku wakanyamaza ghafla. Kisulisuli kikatokea shambani, chekundu, kirefu, kikinguruma kama lori. Nikakimbilia chumbani, kwa kuwa sikujua mahali pengine palipo salama.

"Toka humo!" mama mdogo alipiga kelele. "Bati linang'oka!"

Alinivuta mkono, akanibwaga kwenye korongo kavu nyuma ya nyumba, akanilalia na kunikandamiza kichwa mchangani. Leo najua alikuwa ameona misumari ya paa ikiachia. Wakati ule nilidhani ananiadhibu kwa kuuacha mtama.

"Nisamehe, mama mdogo," nililia, mdomo umejaa mchanga. Juu yetu kitu kizito kilipita kikivuma.

Tulipoinuka, nyumba haikuwa na paa. Ukuta wa chumba nilichokimbilia ulikuwa umeangukia kitanda. Mama mdogo alikuwa anavuja damu begani, lakini alinishika uso kwa mikono miwili, akanifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Nimekuumiza, mwanangu?"

Nilikuwa nautazama ule ukuta.