Vitabu Vichafu vya Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kitabu. Nilipewa sindano nene, kibonge cha uzi wa nyavu na sufuria ndogo ya uji wa muhogo uliotiwa pilipili. Sista aliyekuwa mkuu wa chumba cha kusomea hapa Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, alinionyesha lundo la vitabu vilivyokatika migongo, akasema, "Keti. Shona." Nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka uleule, nimevaa shati jeupe, nikidhani kazi ya maktaba ni kukaa nyuma ya meza na kupiga muhuri. Nikashona mpaka vidole vikauma. Uji wa muhogo ndio uliokuwa gundi yetu. Pilipili ilikuwa kwa ajili ya mende, maana mende wa huku hawali gundi peke yake, hula na kurasa. Kwa hiyo msomaji akifungua kitabu kilichotoka kushonwa hupiga chafya, na Sista humwambia, "Afya! Sasa endelea."

Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa kuwa sijafika miaka hamsini. Kazi yenyewe ndiyo iliyostaafu, mimi nikabaki nimesimama. Na nisingeandika haya kama si kijana mmoja niliyemsikia juzi kwenye boti ya kutoka Kigoma. Alikuwa na kikoti chenye mifuko mingi, anamweleza mwenzake kwamba watu wa Kalemie hawana utamaduni wa kusoma, wakipewa kitabu wanafungia karanga. Alisema hivyo akitazama simu yake. Mkoba wangu ulikuwa magotini, una riwaya tatu ndani. Nilimtazama mpaka akahama kiti. Hasira hiyo haijanitoka, na sitajifanya imenitoka.

Basi nawaeleza vijana jinsi tulivyofanya kazi. Kila kitabu kilikuwa na fishi yake, yaani kadi ya kuandikia jina la aliyekiazima na siku ya kukirudisha. Siku hiyo ikifika na hujamaliza, ulikileta mezani kikapigwa muhuri upya, ukaenda nacho tena. Mara moja kwa mwaka tulipalilia rafu. Kupalilia, kwa mtu wa maktaba, ni kutoa vitabu visivyosomwa ili vile vinavyosomwa vipate nafasi. Ni kazi ya kuogopwa, kwa sababu kitabu ukikitoa hakirudi.

"Angalia pembe ya chini ya ukurasa," Sista alinifundisha. "Iko namna gani?"

"Nyeusi, Sista."

"Nyeusi njo uzima. Hapo vidole vya watu vimepita. Sasa hiki?"

"Cheupe."

"Hiki kimelala. Tangu kifike hakuna muntu amekiamsha. Ukipalilia, ung'oe kilicholala. Ukigusa hiki cheusi nitakupiga na hii sindano."

Baada ya kushona miaka michache nilipewa sanduku la bati. Sanduku hilo lilikuwa maktaba nzima ndogo: unalipeleka mahali, unalifungua, unakaa nalo miezi kadhaa, halafu unahama. Nilianza Moba, kwa boti, sanduku limefungwa kwenye turubai. Mkuu wangu kule alikuwa Padri Msimamizi, mtu mpole aliyesoma hadithi za wezi tu na kuzificha chini ya karatasi za mahubiri. Kutoka Moba nikapanda Pepa, kwenye baridi ya Marungu, ambako wachungaji walitaka kusomewa kwa sauti jioni mifugo ikiisha kuingia. Mzee mmoja alinikatiza katikati ya sura, binti wa hadithi akikamua ng'ombe. "Simama hapo. Anakamua ng'ombe upande gani?" Nikarudia. "Huyu aliyeandika hajawahi kuona ng'ombe," akasema. "Lakini endelea, yule binti ananihangaisha." Kisha wakanipeleka Kongolo kwa treni, ambako walimu waliazima kitabu cha hesabu mbele ya wanafunzi wao na kurudi baadaye kuomba riwaya. Kila nilipozoea mahali nilitaka kuondoka. Hata leo nikisikia honi ya boti miguu huwasha. Lakini hakuna nilikofika nikakosa wasomaji. Namwambia hivyo yule kijana wa kikoti, popote alipo.

Niliporudi Kalemie ndipo niliikuta Jumamosi imekomaa. Sista alikuwa ameianzisha na watu wachache. Sasa chumba kilijaa mpaka dirishani. Utaratibu wake ulikuwa huu: unasimama, unaonyesha kitabu unachosoma kwa raha yako, si cha shule wala cha kazi, unawasimulia wenzako kinavyokwenda. Sheria ilikuwa moja. Hakuna kutoboa mwisho. Unasimulia mpaka pale panapouma, unakaa. Anayetaka mwisho akiazime. Aliyetoboa alitolewa nje, akasimama dirishani mpaka kikao kiishe, anasikia lakini haruhusiwi kusema. Nimeona wanaume wazima wakisimama juani pale, wamefumba midomo kwa mikono miwili.

Hakimu wa sheria hiyo alikuwa Papa Donat, yaani Baba Donat, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Alikaa karibu na mlango, miwani puani, akinyoosha kidole kabla hujafika pabaya. Na msimulizi bora kuliko wote alikuwa Mama Zaina, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Alikuja na harufu ya samaki na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa safi kuliko nguo zetu sote.

"Mama Zaina, wiki hii unasoma nini?" nilimuuliza Jumamosi moja.

"Kile cha sabuni."

Vitabu vyetu vingi vilitufikia vikiwa vikuukuu, jalada na kurasa za mwanzo vimeshang'oka. Fishi ya hiki iliandikwa tu "Riwaya, bila jalada". Watu wakakipa jina wao wenyewe.

"Dada wawili," Mama Zaina akaanza, "baba amewaachia kiwanda cha sabuni. Mukubwa anaiba. Mudogo njo anafungwa. Sasa siku ya kesi imefika, mudogo ameletwa mbele ya jaji, amekonda, anasema ndiyo, ni miye. Na mukubwa amesimama mulangoni kwa mahakama. Mukono uko kwenye kitasa."

"Akaingia?" mtu akapiga kelele.

"Shiii!" Papa Donat akanyoosha kidole.

"Unanipigia shiii juu ya nini? Hata miye sijui kama ataingia!" Mama Zaina akajibu. "Nimefika hapo asubuhi, wateja wakakuja. Muntu ananiuliza bei, miye niko mahakamani. Nimemuuzia kwa bei ya hasara, aende zake."

Chumba kizima kilicheka. Papa Donat hakucheka. Yeye alikuwa amekimaliza, na kushika siri kulimfanya akae wima kama amemeza fimbo.

Wiki hiyohiyo Bwana Mkurugenzi akafika. Sista alikuwa ameshahamishwa na shirika lake la kitawa kwenda nyumba ya mbali, na wakubwa waliotulipa wakatuletea mtu wa bironi, yaani wa ofisini. Alikuwa na adabu na viatu vizuri. Wafadhili walikuwa wanakuja kutembelea, akataka chumba kipendeze. Akapita kwenye rafu akifungua vitabu kwa ncha za vidole. Alipokuta cheupe alitabasamu. Alipokuta cheusi alikunja uso, akakiweka chini.

"Bwana Mkurugenzi," nikamwambia, "hivyo unavyoweka chini ndivyo vinavyosomwa."

"Vimechakaa. Vinanuka samaki."

"Wanaovisoma wanauza samaki."

"Tutabakiza vilivyo katika hali nzuri. Usafi, kilimo, afya ya mtoto. Wafadhili wakiona takataka hii watasema hatutunzi mali yao."

Nikamweleza habari ya pembe ya ukurasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Una maelezo mazuri. Leta magunia." Nilikataa kuleta magunia. Wakayaleta vibarua wa lori.

Nani anaweza kunieleza upumbavu huo? Mkulima akipalilia hung'oa magugu akaacha mahindi. Huyu aling'oa mahindi yote, akayaacha magugu kwa sababu yalikuwa na rangi nzuri. Ndivyo rafu za Kalemie zilivyobaki na vitabu vilivyolala tangu vifike, vyeupe, vimenyooka kama wagonjwa kitandani. Wafadhili walipiga picha mbele ya rafu hizo, wakaridhika.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni la Mama Zaina. Alikuja asubuhi hiyohiyo ya magunia, kama ilivyotakiwa, kuongezewa siku. Hakujua lolote. Akafungua kitambaa chake, akaweka kitabu cha sabuni mezani kwangu, njiti ya kiberiti ikiwa katikati kuonyesha alipofika, bado palepale mahakamani, soko halijampa nafasi. Kabla sijashika muhuri, mkono wa Bwana Mkurugenzi ukapita juu ya bega langu.

"Hiki nacho," akasema, akakitupa guniani.

"Anakisoma," nikasema. "Yuko katikati."

"Atachukua kingine." Akamchagulia mwenyewe, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Kilikuwa kinafundisha kunawa mikono.

Mama Zaina alikitazama. "Papa, miye nauza samaki tangu niko mutoto. Unanifunza kunawa?"

"Mama, hiki kitakusaidia maishani. Zile ni hadithi tu."

"Hadithi tu." Akakirudisha mezani taratibu. "Niko na wajukuu saba kwenye nyumba. Kila kitu nafanya, nafanya kwa kusaidia. Napika, kusaidia. Nauza, kusaidia. Ile kitabu peke yake njo ilikuwa yangu. Nirudishie."

"Utaratibu ni utaratibu, mama."

Aliondoka bila kuaga. Alasiri alirudi na Papa Donat na watu wa Jumamosi, nusu ya soko nyuma yao. Papa Donat alikuwa amevaa koti lake la reli. Akaomba kwa Kifaransa kizuri kwamba vitabu vilivyo katikati ya kusomwa virudishwe kwa wasomaji hadi wavimalize, kisha vichukuliwe. Ombi dogo kama hilo! Bwana Mkurugenzi akasema lori limeshaondoka, na kwamba kusoma kwa kujifurahisha ni kwa watu walioshiba.

"Nani amekwambia tuko na njaa?" sauti ikatoka nyuma. "Umetuona tunaomba chakula?"

"Tunaomba mwisho!" mwingine akasema.

Bwana Mkurugenzi hakucheka. Akafunga mlango wa biro. Tukalifuata lori kwa miguu mpaka kwenye shimo la taka, na tulipofika moshi ulikuwa tayari umesimama. Gundi ya muhogo inanukia kama chakula ikiungua, na pilipili yetu ikatuingia machoni. Wote tulikuwa tunatoka machozi, na hakuna aliyeweza kusema ya nani ni ya pilipili na ya nani siyo.

Pale shimoni ndipo nilipomwona Papa Donat akimwendea Mama Zaina. Mzee yule, aliyewatoa watu nje kwa nusu neno, alivua kofia. "Mama," akasema, "sheria ilikuwa ya vitabu ambavyo viko. Hiki hakiko tena. Kaa hapa, nikwambie kama aliingia."

Mama Zaina akaziba masikio kwa viganja. "Hapana, Papa Donat."

"Nakuhurumia."

"Usinihurumie. Ukiniambia, itakuwa imekwisha, na yule wa bironi atakuwa ameshinda. Miye sikuomba kuambiwa. Nilikuwa nasoma."

Papa Donat akarudisha kofia kichwani. Aliondoka duniani miaka michache baadaye bila kumwambia.

Mimi nilibaki chumbani muda kidogo, nikilinda vitabu vyeupe dhidi ya watu ambao hawakuja. Jumamosi ya kwanza alikuja mmoja, akatazama rafu, akaniuliza kama kuna mtu mgonjwa. Kisha takwimu zikaonyesha wasomaji wamepungua, na wakubwa wakaandika kwamba Kalemie haina haja ya chumba cha kusomea. Wakafunga. Bwana Mkurugenzi akapandishwa cheo. Kutoka hapo ndipo maneno kama ya yule kijana wa boti yanapozaliwa: wanatunyang'anya vitabu, wanahesabu viti vitupu, halafu wanatueleza tabia zetu.

Nimeishi tangu hapo kwa kubeba bidhaa ndogondogo kati ya hapa na Kigoma, Moba na kwingine. Watu wa nyumbani wanasema ni kutotulia. Ni kweli, sijatulia. Kila mji nikifika natafuta wauza vitabu vikuukuu, na kwa kuwa kile cha sabuni sikijui jina, sina la kuuliza. Nachuchumaa, nafungua kimoja kimoja, nasoma mistari ya katikati nikinusa sabuni. Wauzaji wamenichoka. Mmoja wa Kigoma huniita mkaguzi. Njiani nauliza abiria wanasoma nini, na wanasoma, tena sana: kwenye simu, kwenye vipande, kwenye kurasa zilizoshonwa kwa uzi ninaoujua. Mwisho wa kile cha sabuni ninao kichwani, maana nilikisoma kabla ya Mama Zaina. Ninyi pia sitawaambia.

Wiki iliyopita nilipita sokoni. Mama Zaina sasa anauza akiwa amekaa, mjukuu anampimia. Alinitambua kwa sauti.

"Papa Biblio," akasema, yaani Baba Maktaba, jina nililopewa na wasomaji. "Umekiona?"

"Bado, mama."

"Safari hii unaenda wapi?"

"Uvira. Kuna mtu anauza vitabu karibu na bandari."

Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akairudisha, akanitazama kwa jicho moja kisha kwa lingine.

"Enda haraka," akasema. "Hili la kushoto limeshaanza kuniacha. Nimebakiwa na moja, na ile kitabu ilikuwa maandishi madogo."